Ndoo Zilizomsubiri Mgeni Rasmi

Sogeeni mbele, walioko nyuma nao wasikie. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu watatu waliookoa kata nzima, mtu mmoja aliyekaribia kuizika, na fomu yenye mstari mmoja tu wa kuandika jina. Tegeni sikio, maana mwishoni nitawauliza, na atakayekosa jibu nitajua alikuwa anasinzia.

Katika kata ya Ilembuka, kwenye migomba, chai na mvua isiyojua likizo, waliishi Tusekile, Nsajigwa na Bupe. Tusekile alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, na kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Mtajie nyumba yoyote, atakwambia ina watu wangapi, nani ana pumu, na nani anaapa kwamba huchemsha maji ya kunywa wakati hachemshi. Nsajigwa alikuwa seremala. Kipaji chake kilikuwa mikononi: hapakuwa na mlango Ilembuka ambao hakuutengeneza mwenyewe au hakujua ulivyotengenezwa. Bupe aliongoza akina mama misibani, na kipaji chake kilikuwa sauti. Akianza kulia, kijiji kizima kinalia. Akisema "basi", hata mfiwa mwenyewe ananyamaza na kukaa chini.

Wa nne hakuwa na kipaji, alikuwa na cheo. Huyo ni Ambakisye, mtendaji wa kata, na ndiye nitakayemfuata nyumanyuma katika kisa hiki. Msimchukie mapema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. Kalamu zake zilikaa mfukoni kwa mpangilio, na barua isiyo na kumbukumbu namba hakuisoma.

Ugonjwa ulipoingia, ule wa homa na kubanwa kifua uliokuwa umezagaa dunia nzima, wilaya ilileta ndoo sitini zenye koki pamoja na katoni za sabuni. Ambakisye akazipanga stoo, akafunga kufuli, akaandika barua kwa kigogo mmoja wa mkoani kumwomba aje kuzizindua. Mnacheka nini? Kwani kwenu choo cha shule kinatumika kabla mgeni rasmi hajakata utepe? Kigogo akajibu atakuja Alhamisi. Alhamisi akapata dharura. Akasema wiki ijayo, ikapita, na nyingine ikapita. Muda wote huo kwaya ya kata ilikutana kila jioni katika chumba kimoja, watu wamebanana bega kwa bega, wakijifunza wimbo wa kunawa mikono.

Wiki tatu ndoo zilikaa stoo, na Ilembuka ikawa inakohoa.

Tusekile ndiye aliyeanza kuchukua hatua. Alizunguka kwa miguu nyumba baada ya nyumba, akiuliza kutoka uani bila kuingia, na kila alichoambiwa akakiandika. Kisha akaenda ofisini.

"Tata Mtendaji, nyumba kumi na saba zina wagonjwa. Arobaini na tatu nyingine hazina sabuni kabisa. Zote hizi hapa."

"Kumi na saba!" Ambakisye alishtuka. "Unataka kata yetu isomwe ya kwanza kwa ugonjwa wilaya nzima?"

"Nataka ndoo."

"Ndoo zina mgeni rasmi, Tusekile. Unataka niwaambie nini mkoani?"

Alizisoma zile karatasi kwa jicho la haraka, akazichana, akazitupa kwenye kapu. Tusekile alitoka, akakaa kwenye ngazi za ofisi hiyohiyo, akaiandika orodha upya kutoka kichwani, nyumba sitini, bila kuruka hata moja. Kule kuzunguka kukamtia ugonjwa wiki hiyohiyo, na jirani zake wakawa wanazunguka mbali ili wasipite mlangoni kwake.

Orodha ile ya pili ikafika kwa Nsajigwa. Jumapili, saa saba mchana, jua linawaka na watu wanamwona, alikwenda stoo na bisibisi. Kufuli hakuligusa. Alifungua skrubu za bawaba na za komeo, akauinua mlango mzima, akaulaza kwenye majani huku kufuli likiwa bado limefungwa vilevile. Akapakia ndoo kwenye mkokoteni na kuzigawa kwa kufuata orodha, nyumba zenye wagonjwa kwanza. Ndoo ya sitini ilipoondoka, akarudi, akaurudisha mlango mahali pake, akapangusa vumbi, akaenda nyumbani kusubiri. Hakusubiri sana. Ambakisye aliandika barua polisi: wizi wa mali ya umma. Nsajigwa akalala mahabusu siku nne juu ya sakafu ya saruji. Kesi haikufika popote, ila jina lake lilibaki kwenye kitabu, na watu wakaacha kumwita kutengeneza milango. Nani anampa mwizi kazi ya kufunga komeo?

Bupe naye. Mama yake mzazi, Bibi Sekela, alifariki Jumamosi, siku moja kabla ya ule mlango kung'olewa. Kwa Ilembuka msiba ni siku kadhaa. Watu hulala hapohapo, hula sahani moja, hushikana mikono mpaka mikono ichoke. Wangekuja watu mia nne, na ndoo zile sitini zingekuwa kazi bure. Jumatatu asubuhi Bupe alisimama njiani, peke yake, mbele ya umati.

"Kaburini watatosha kumi. Rudini makwenu," alisema. "Lieni milangoni kwenu, nitawasikia."

"Mama yako azikwe na watu kumi?" shangazi mmoja alifoka. "Kama asiye na kwao?"

"Basi," alisema Bupe.

Wakarudi. Alipoanza kulia akiwa uani kwake, nyumba ya jirani iliitikia kutoka mlangoni, kisha ya pili, ikawa hivyo mpaka ng'ambo ya mto. Tangu siku hiyo misiba yote ya Ilembuka ilifanywa hivyo. Lakini shangazi zake hawajamsamehe, na hadi leo wakikutana naye hupita upande wa pili.

Miezi miwili baadaye kikohozi kilikuwa kimeondoka. Ukiuliza nani alikiondoa, uchukue orodha, au mlango, au sauti, kila kimoja kilihitaji vingine viwili. Ndoo bila orodha zingeishia kwa ndugu na marafiki. Orodha bila ndoo ni karatasi. Na vyote viwili, bila Bupe, vingezikwa pamoja na Bibi Sekela siku ile ya Jumatatu.

Mwaka ukapita. Wilaya ikaitisha tathmini: kila kata ikae, ijipime ilivyopambana na ugonjwa, ilete taarifa. Ilembuka ilikuwa imejengewa zahanati mpya, na zahanati ingepewa jina la mtu mmoja aliyeiokoa kata. Mmoja, si watatu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja, na chini yake maneno madogo: asiwe na doa lolote polisi.

Kikao kikakaa katika ukumbi wa kata. Ambakisye, akiwa katibu, alikuwa ameandaa taarifa mapema. Ukurasa wa pili ulisema: ndoo ziligawiwa kwa wakati. Aliyaandika maneno hayo nyumbani, akayaona mazuri. Sasa aliposimama kuyasoma, Nsajigwa akiwa amekaa safu ya nyuma karibu na mlango, uso ulimwaka moto. Akaruka mstari ule, akajifanya anakohoa.

Watu wakabishana. Wengine wakamtaka Tusekile, wengine wakanong'ona jina la Nsajigwa kisha wakakumbuka yale maneno madogo ya chini. Diwani akamgeukia Ambakisye.

"Mtendaji, wewe ulikuwepo. Tuandikie jina tumalize. Gari la wilaya linasubiri."

Ambakisye akajikuta tayari amechagua. Bupe. Jina lake halikuwa na shida. Kumwandika Nsajigwa ni kukiri kwamba barua ya polisi ilikuwa ya uonevu. Kumwandika Tusekile ni kuulizwa orodha yake ya kwanza ilikwenda wapi. Bupe hakuwa akijua lolote. Yeye, kama wengi, aliamini ndoo zilichelewa wilayani, zikafika stoo siku ileile Nsajigwa alipozitoa. Kalamu ikagusa karatasi, ikaandika B, na hapo aibu ikamjaa. Maana orodha ile hakuichana kabla ya kuisoma. Alikumbuka jina la tatu: Bibi Sekela, anakohoa siku ya pili, hana sabuni. Nyumba yake ilikuwa hatua mia moja kutoka stoo.

Alikuwa anataka kumpa mwanamke heshima ili asimwombe radhi.

Akaweka kalamu chini.

"Mama Bupe," alisema. "Ndoo hazikuchelewa. Zilikuwa hapahapa wiki tatu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nsajigwa hakuiba kitu, na Tusekile aliniletea orodha nikaichana. Ninaona haya. Ninaona haya hata kukutazama."

Diwani akakohoa. "Mtendaji, hayo hayamo kwenye ajenda."

Bupe alisimama taratibu. "Mama yangu alikuwa kwenye hiyo orodha?"

"Alikuwa wa tatu."

"Angepata ndoo siku ile, angepona?"

"Sijui, mama. Hilo ndilo linaloniumiza. Sitajua."

Ukumbi mzima ukangoja sauti yake, ile inayoliza kijiji. Haikutoka. Bupe alikaa, akajitanda khanga vizuri mabegani, akamtazama. Tusekile alikuwa ameinamia daftari lake. Nsajigwa alisimama ili atoke, akabadili nia, akaegemea mlango.

Ambakisye akaandika hapohapo barua ya kumsafisha Nsajigwa polisi, akaipiga mhuri, akampa mkononi. Nsajigwa akaipokea bila kusema asante, na hakuna aliyemlaumu. Kwa hiyo sasa wote watatu wanafaa, na mstari bado ni mmoja.

Diwani akauliza kama mtu kama Ambakisye anafaa tena kuishika kalamu ile. Akataka kuichukua. Bupe akanyoosha mkono kuzuia.

"Mwacheni aandike yeye," alisema. "Aandike, halafu atusomee kwa sauti."

Haya, ndugu zangu. Yuko Tusekile, aliyeiandika orodha mara mbili akarudi nyumbani na homa. Yuko Nsajigwa, aliyetoa ndoo mchana kweupe akaitwa mwizi mwaka mzima. Yuko Bupe, aliyemzika mama yake na watu kumi ili wenu wasizikwe, na aliyegundua leo tu kwamba ndoo ya mama yake ilikuwa stoo. Mmoja wao ataandikwa ukutani, na wawili watakuwa wakipita chini ya jina hilo kila wakienda kutibiwa.

Karatasi iko mezani na herufi B imeshaandikwa. Inaweza kukatwa, inaweza kuendelezwa. Je, wewe ungeamua vipi, huku Bupe akikutazama usoni?