Vyura wa Chemchemi ya Kirumbe

Mtu mmoja wa milimani Upare, jina lake Kirumbe, aliachiwa na baba yake shamba lenye chemchemi. Dada yake Namkunda, mjane, aliachiwa kazi ya kuitunza. Kwenye mawe ya chemchemi hiyo waliishi vyura wa manjano, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, ambao hawakuonekana mahali pengine popote. Desturi ilikuwa kwamba kabla ya kuteka, mtu agonge kata kwenye jiwe mara tatu, asubiri vyura wasogee, ndipo achote. Namkunda aligonga hivyo tangu utotoni.

Kirumbe akataka kuizungushia chemchemi mikaratusi. Namkunda akakataa. Alisema mti ule unakunywa kama mlevi harusini, na maji yakipungua vyura ndio watakaotangulia. Wakaitwa wanakijiji waamue. Kirumbe akawauliza nani asiyeujua mkaratusi. Nguzo za nyumba zao zote zilitokana nao. Kisha akauliza nani aliyewahi kushiba kwa sababu ya chura. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakainua mikono kuikubali miti. Watu hao hao walikuwa wanakunywa maji hayo hayo! Namkunda alirudi nyumbani na hasira, na siku hiyo hakupika.

Miti ikapandwa, ikashika, ikarefuka. Mwaka wa nne vyura walipopungua, Namkunda alikwenda kumwambia kaka yake, akajibiwa kwamba anaona wivu kwa kuwa hana hata mti mmoja. Mwaka wa sita aligonga kata kwenye jiwe, hakikusogea kitu. Maji yalikuwa bado yapo, ndiyo maana hakuna aliyemsikiliza. Mwaka wa saba likabaki tope.

Hapo ndipo Kirumbe alipokumbuka kushika shoka. Kijiji kizima kilimsaidia kukata, wale wale walioinua mikono. Mvua za vuli ziliponyesha, kila kisiki kikachipua, na maji kidogo yakarudi kati ya mawe. Basi akamwita dada yake, akamwomba awarudishe vyura wake, maana yeye ndiye aliyejua kuwatunza.

Namkunda alikuja na kata yake mkononi, akasimama mbele ya watu wote.

"Kaka, mti wako umeukata kwa shoka na umerudi," alisema. "Vyura hukuwagusa hata mmoja, na hakuna atakayerudi. Unataka nimgongee nani jiwe?"

Hakuna aliyecheka. Namkunda akaiweka kata juu ya jiwe, akaenda zake.

Nanyi mnaonisikiliza, mliokwisha kuinua mikono dhidi ya mnyonge wenu kwa sababu ni mmoja na hana faida: siku atakaponyamaza, mtajifariji tena kwamba maji bado yapo?