Mkeka Alioacha Mafunda

"Penye kupinda, legeza mkono." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe hivyo, nanyi mnauliza ni kupinda gani na mkono wa nani. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Pemba aliishi Mafunda, fundi wa mikeka ya duara. Alisuka miyaa, majani makavu ya kusukia, ikawa ukili, mkanda mrefu wenye nakshi nyekundu na nyeusi, kisha akauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo, kuanzia katikati. Mafunda alifariki akaacha mkeka haujaisha, na binti mdogo, Riziki.

Baadaye mumewe, Kombo, alimwoa Salha. Salha alikuwa na moyo mwema, ila alikuwa na haraka ya kupendwa. Alimsihi Riziki amwite mama. Alimpakata hata mtoto alipokataa, akamlisha kwa mkono wake. Kadiri alivyomvuta, ndivyo mtoto alivyojikunja. Mwishowe Riziki akawa anashinda kwa bibi yake, nyumbani anarudi kulala tu.

Salha akawaza, "Nikimmalizia mkeka wa mama yake, labda atanipenda." Akautoa ulipohifadhiwa, akaanza kushona. Kwao walishona vikapu, na kikapu hutaka ukili uvutwe ndipo kiinuke. Naye akavuta kama alivyozoea. Mkeka ukajikunja kingo, ukainuka kama kawa la kufunikia chakula.

Riziki akaingia, akauona.

"Mkeka wa mama yangu!" Akaangua kilio.

"Nimeuharibu, mwanangu," Salha akasema, naye machozi yakimlengalenga. "Nilitaka uulalie. Niwie radhi."

Riziki hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima. Akafuta machozi, akapiga magoti, akaupapasa ule ukingo uliokunjamana.

"Hapa umeuvuta, Bi Salha. Mama akifika penye kupinda alikuwa analegeza mkono. Ukili unazunguka wenyewe."

"Nionyeshe."

Wakafumua pamoja, wakashona upya, vichwa vyao karibu kugusana. Mkeka ukalala chini bapa, nakshi zikizunguka bila kukatika. Jioni ile Riziki alisinzia hapo hapo, kichwa juu ya mguu wa Salha, na Salha hakuthubutu kujitikisa.

Tangu siku hiyo Salha hakumwomba tena amwite mama. Kombo ndiye aliyekasirika. "Wewe mtoto, huna adabu? Mwite mama!"

"Mwache, baba Riziki," Salha akamwambia. "Penye kupinda, legeza mkono."

Majirani waliokuwa uani wakalisikia neno hilo, likawapendeza, wakaondoka nalo.

Miaka ikapita. Riziki akakua, akaolewa, na bado alimwita Bi Salha. Siku ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, uchungu ulipomzidi, akalia, "Niitieni mama!"

Wanawake wakatazamana, maana walimwosha Mafunda na kumvika sanda kwa mikono yao. Mkunga akainama. "Mama yupi, mwanangu?"

"Mama Salha."

Hawakumtafuta mbali. Alikuwa ameketi nje ya mlango tangu asubuhi, akingoja, asitake kuingia kabla hajaitwa.

Ndiyo hiyo, wanangu. Penye kupinda, legeza mkono.