Upinde Uliolala na Ugwe

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema bali hii ya juzi, wanyama walipokwisha kunyamaza na watu wakaanza kusema kupita kiasi, alikuwako upande wa Iramba mtu aitwaye Msengi. Kijiji chake hakitajwi hapa. Wenyewe wapo, na baadhi yao wanasoma.

Msengi alikuwa amefanya kazi miaka minane kwenye kambi ya wawindaji wa kigeni. Alipoacha kazi, mgeni mmoja alimwachia upinde wa aina aliyozoea kulengea pale, na haukuwa upinde unaoujua wewe. Ulikuwa wa chuma chepesi, una kapi juu na kapi chini, vile vigurudumu vya kuzungushia, waya mahali pa ugwe wa kamba, na kitundu cha kuchungulia shabaha. Uzuri wake ni huu: ukishauvuta mpaka mwisho, uzito karibu wote unapotea. Unaushikilia, unachungulia, unakohoa, unawaza habari za mkeo, ndipo unaachia. Kwa upinde ule Msengi alikuwa akipiga kifuu cha nazi kwa hatua sitini, na hakuona haya kulisema.

Aliporudi nyumbani alikuta kilio. Kulikuwa na nguruwe dume, mgongo kama kichuguu, aliyekuwa akiingia mashambani alfajiri na kufyeka mtama. Shamba la mama yake Msengi alilila mara mbili. Bwana nyama alikwisha kutoa kibali auawe. Kilichokosekana ni mtu wa kumuua.

Na kijiji kile kina desturi. Anayeua mnyama mharibifu hupewa meno yake ayatundike mlangoni, na mvua ya kwanza ikinyesha, kijiji kizima hulima shamba lake kabla ya la mtu mwingine yeyote. Usiidharau zawadi hii. Mvua ya kule haina subira. Aliyelima siku ya kwanza huvuna. Aliyelima siku ya kumi hufuga mabua.

Msengi akamtazama mama yake, mgongo umepinda, jembe limemshinda, akasema, "Mama, mwaka huu watakulimia wewe."

Siku ya pili waya wa upinde ukakatika.

Fundi baiskeli akajaribu kutia waya wa breki. Ukafyatuka, ukamnyoa nusu ya sharubu. Kuanzia siku hiyo upinde wa kapi ukawa wa kuanikia nguo, na Msengi akapata jina jipya: Bwana Kapi.

Kijijini ulibaki upinde mmoja tu wa mti uliofaa, nao ulikuwa wa Mama Shila, mjane. Mumewe aliuchonga, yeye akashika taa. Mumewe alifundisha vijana kulenga, yeye akawasahihisha mumewe akiisha kuondoka. Kwa kulenga kibuyu juu ya kichuguu alimshinda mumewe, na watu walijua, ila walinyamaza kwa heshima ya marehemu hata kabla hajawa marehemu. Wazee walikuwa wamesema mwanamke halengi mnyama. Kwamba anaweza kumfundisha mlengaji hawakulikataza, kwa kuwa halikuwapitia akilini.

"Unajua kulenga?" Mama Shila akamwuliza Msengi alipokuja kuuazima.

"Miaka minane, mama."

"Haya, lenga."

Msengi akavuta. Akashikilia, akatafuta kitundu cha kuchungulia, hakipo. Akaendelea kushikilia. Mkono ukaanza kutetemeka kama wa mtu aliyeshikwa na homa. Mshale ukaenda kumwamsha mbuzi wa jirani.

"Miaka minane," akasema Mama Shila, "ulikuwa unalenga wewe, au zilikuwa zinalenga kapi?"

Kisha akamwazima upinde kwa masharti mawili. La kwanza: "Vuta, achia. Upinde si mlango, hauegemewi." La pili: "Kukicha uvike ugwe, jioni uuvue. Upinde nao hulala. Ukilala na ugwe wake, unapinda, na nguvu haurudishi."

Kila asubuhi: vuta, achia. Kila jioni: vua ugwe, upinde ulale. Mwezi wa kwanza akakosa kichuguu. Mwezi wa pili akapiga kichuguu, akakosa kibuyu. Watoto wakimwona wanaimba, "Bwana Kapi, mbuzi wapi?" Usiku kidole kilimuuma hata asiweze kushika kijiko.

Tatizo likawa mishale. Ile ya kambini ilikuwa migumu mno kwa upinde wa mti. Ilitoka upande upande kama mlevi anayetafuta mlango. Akamwendea Gunda, mhunzi, ambaye mguu wake mmoja ulikauka tangu utotoni na kila mwaka hulimiwa mwisho. Gunda akachonga mishale mitatu, akaitia chembe za chuma nchani, akaifunga manyoya ya kanga.

"Sikupi, Bwana Kapi. Nakuazima," alisema. "Na wewe unajua walivyosema babu zetu. Mnyama ni wa mwenye mshale."

"Babu zetu walisema mengi," akajibu Msengi.

"Na hilo nalo walilisema."

Mwezi wa nne Msengi akapiga kibuyu. Mama Shila hakumsifu. Alisema tu, "Leta kibuyu kingine, hicho nilikuwa nachotea maji." Lakini Msengi alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeoa.

Siku chache baadaye nyayo za nguruwe zikaonekana bondeni. Msengi akawaza: akija alfajiri, nitahangaika na ugwe gizani? Ule wa kapi ulikaa na waya wake mwaka mzima, tena ukiwa tayari. Akautundika upinde ukutani na ugwe wake. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Alfajiri ya nne nguruwe akaja. Msengi akatoka, akainama pembeni ya mabua ya mtama yaliyosalia, akavuta. Upinde ukaja mwepesi. Akafurahi, akadhani ni yeye aliyepata nguvu.

Hapo nguruwe akainua kichwa, na miaka minane ikamrudia Msengi yote mara moja. Badala ya kuachia, akashikilia. Akashikilia, akatafuta kitundu. Mkono ukatetemeka, ncha ya mshale ikapanda, ikapita bega la nguruwe, ikapita mgongo, ikatazama mawingu. Na vidole vikateleza.

Mshale ukaruka juu. Upinde wenye afya ungeupeleka mpaka kwa majirani. Lakini ule ulikuwa umechoka, na mshale nao ukachoka njiani, ukainama, ukamwingia nguruwe nyuma ya bega. Alikwenda hatua kumi akaanguka.

Makosa mawili yalikutana hewani, yakasalimiana.

Vigelegele vikapigwa. Mama Shila akaja kwa haraka, akauchukua upinde wake, akauvua ugwe. Upinde haukunyooka. Ukabaki umepinda mkononi mwake. Akamtazama Msengi.

Mchana watu wakakusanyika kwa Makala, mwenyekiti wa kitongoji, meno ya nguruwe mkononi mwake, na mawingu ya mvua yakiwa yameshaanza kujipanga.

Msengi akasema, "Mnyama nimemuua mimi. Miezi minne nimechekwa mpaka na watoto. Shamba la mama yangu ndilo lililoliwa mara mbili. Meno ni yangu."

Gunda akasema, "Mshale ni wangu, nilimwazima tu, sikumpa. Ile ya kwake ya kambini ingemwamsha mbuzi tena. Mguu wangu mnaujua, zamu yangu ya kulimiwa mnaijua. Meno ni yangu."

Mama Shila akasema, "Mkono uliovuta ulifundishwa na mimi. Upinde ni wangu. Kama ningeruhusiwa kulenga, huyo nguruwe tungekwisha kumsahau." Akauweka upinde chini, mbele ya Msengi. "Nami nilimwazima ukiwa umenyooka."

Watu hawakuelewa. Wanaume wawili watatu waliutazama ule upinde wakatikisa vichwa kama wajuzi, wasijue wanatikisia nini.

Msengi alielewa. Alijua pia kwamba Mama Shila hataongeza neno. Akamtazama mama yake, aliyekwisha kunoa jembe kwa furaha, ingawa si yeye ambaye angelima nalo. Akainama, akauokota upinde.

"Niliulaza na ugwe siku tatu," akasema. "Umekufa. Na nilipovuta nilishikilia, mshale ukatazama juu. Umemwangukia nguruwe kwa sababu upinde haukuwa na nguvu ya kuupitisha juu yake. Sikumlenga."

Pakawa soko.

"Basi hajaua yeye!" mmoja akapaza sauti.

"Ameua nani, sasa? Nguruwe kajifia?"

Gunda akacheka. "Mimi mshale wangu haukukosea."

"Mshale wako ulielekezwa mawinguni, bwana!"

"Na mwalimu je? Alifundisha, hakusikilizwa. Angesikilizwa habari ya ugwe na ile mikono ikatetemeka vile, nguruwe angekuwa hai."

"Angesikilizwa isingetetemeka!" akajibu Mama Shila. "Na upinde wangu atanilipa nani? Aliyeuchonga yuko kaburini."

Mama yake Msengi hakupaza sauti. Alimvuta mwanawe kwenye shati, akasema polepole, "Mwanangu, ungenyamaza tungelimiwa."

"Najua, mama."

Tone la kwanza likaangukia mkono wa Makala, ule wenye meno. Akamtazama aliyepiga kwa makosa na kusema kweli. Akamtazama aliyefundisha vizuri na kupoteza upinde. Akamtazama mwenye mshale uliokwenda ulikopelekwa na upinde mbovu. Majembe yalikuwa tayari mabegani, yakisubiri njia ya kushika.

Makala hakuwahi kuwa mwepesi wa kuamua, na mvua haikumsubiri. Basi amua wewe uliyekaa pakavu: kesho asubuhi, majembe yaanzie shamba la nani?