Nguchiro na Jiko la Pampu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokwisha kujifunza kompyuta ila kusikilizana bado, palikuwa na pampu moja ya maji kule nyikani. Haikuwa na mtu wa kuiwasha. Ilikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku kulikuwa na kompyuta ndogo kama kucha, ndiyo iliyojua wakati wa kuvuta maji na wakati wa kupumzika.

Sasa sikilizeni hapa, msije mkaniuliza tena. Kile kisanduku kilikuwa dhaifu, hakiwezi kujipikia programu yake. Programu ilipikwa kwenye kompyuta kubwa nyumbani kwa Kifaru, kisha ikapelekwa pampuni. Na mpishi sharti apikie tumbo la kisanduku, si tumbo lake mwenyewe. Akikosea zana za kupikia, yaani zile za kompyuta zinazogeuza maandishi yake kuwa programu, kisanduku hakilalamiki. Kinazima tu, tii.

Wapishi walikuwa watatu: Kifaru, Nyati na Nguchiro. Walipendana, walikula sinia moja. Lakini kwenye kompyuta yao ya pamoja walikuwa balaa. Kifaru akisikia zana mpya zimetoka, anang'oa za zamani bila kumwambia mtu. Nyati akija akakuta kazi yake haipikiki, anarudisha za zamani, naye kimya. Kila mmoja akijiona anawasaidia wenzake.

Basi kiangazi kimepamba moto, pampu ikazima.

Nguchiro alikuwa amezaa juzi tu. Watoto hata macho hawajafumbua, na mto ulikuwa mbali mno kwa mama anayenyonyesha. Bila maji, maziwa yalianza kumkauka. Akaenda mbio kwa Kifaru kuuliza nani amegusa zana. Kifaru akasema yeye aliboresha tu. Nyati akasema yeye alirekebisha tu. Wakaanza kusukumana kwa pembe, kwaru kwaru, mpaka meza ikaanguka.

Nguchiro akawatazama. Alijua akiwakataza wasiguse watakubali kwa mdomo, halafu kesho mmoja ataingiza pua. Kwa hiyo hakuwakataza.

Walipokwenda malishoni, alichukua zana zile ambazo kisanduku kilizizoea, akazifungia ndani ya kompyuta mahali ambapo mtu anaweza kuzitumia lakini hawezi kuzibadilisha. Kisha akamtengenezea kila mmoja wa wale wakubwa wawili chumba chake humo humo, kina nakala ya zana zote. Ukikitazama utaapa ndilo jiko lenyewe. Ila unachong'oa humo kimeng'oka kwako tu.

Akamwita Kifaru pembeni.

"Kaka Kifaru, nimeona anayefaa kuwa bwana wa zana ni wewe. Ongeza, ng'oa, fanya utakavyo. Ila usimwambie Nyati, ataumia."

"Na akinivurugia?"

"Za kwako hatazigusa hata kidogo."

Na hapo hakusema uongo. Akaenda kwa Nyati, akamwambia maneno yale yale, akabadilisha jina tu. Hakuona haja ya kujichosha.

Wakubwa wakaingia kazini wakiimba. Kila mmoja alipomaliza kuandika, Nguchiro alichukua maandishi yao, akayapika kwa zana zile zilizofungiwa, akabeba programu mpaka pampuni. Pampu ikakohoa, ko, ko, ko. Kisha chururu, maji hayo. Nguchiro alikunywa mpaka tumbo likawa kama kibuyu, akakimbilia shimoni kwa wanawe.

Mambo yakaharibika kwenye birika la kunywea maji pale pampuni, wakubwa walipokutana kunywa. Kifaru akajisifu kwamba maji yale ni kwa sababu ya zana zake mpya. Nyati akaacha kunywa.

"Mpya zipi? Si nilishazing'oa zote?"

Wakatazamana. Wakaenda wote wawili mpaka mlangoni kwa Nguchiro, wakakaa kuziba jua.

"Mdogo wetu," akasema Nyati, "bwana wa zana ni nani kati yetu?"

"Kila mmoja chumbani kwake, kaka."

"Na zile zinazopikia pampu?"

"Hizo hazina bwana. Mkitaka kuzibadilisha, tukae sote watatu, tujaribu kwanza kwenye kisanduku kingine, tukubaliane."

"Yaani umetufanya watoto."

"Watoto ninao hapa. Wananyonya, wanalala. Nyinyi ndio mnaonisumbua."

Kifaru alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtoka puani, na Nyati naye akashindwa kujizuia. Wakakaa hapo hapo, wakaanza kujadiliana zana mpya ipi inafaa kujaribiwa. Nguchiro alipowauliza kama avivunje vile vyumba sasa, wote wawili wakaruka: cha kwangu usiguse!

Basi nanyi wajukuu, kitu cha wote msikigeuze kabla hamjawauliza wenzenu.