Tembo Aliyeivisha Barafu Vumbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majiko, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, mkia hana, na mdomo haukai kimya. Haya, wewe unayecheka, sijasema ni wewe.

Nyumba yake ilikuwa pangoni, juu kabisa mlimani, chini ya barafu kubwa nyeupe. Maji yalidondoka kutoka kwenye barafu ile, to! to! to! Yalijaza mtungi wake, na yaliyozidi yakateremka zake. Bi Pimbi alikuwa na watoto wanne, na alikuwa ameridhika na maisha yake, tena majirani walikuwa wamechoka kulisikia jambo hilo.

Asubuhi moja alikuwa ameketi nje akiota jua. Mara akasikia vishindo. Ti! Ti! Ti! Sufuria zikacheza jikoni.

"Hodi!" ikanguruma sauti.

"Karibu, Mjomba! Ila tafadhali usiegemee mlango."

Alikuwa Bwana Tembo wa bondeni, na nyuma yake rafiki yake Nyati, anahema. Msishangae pimbi kumwita tembo mjomba. Wale ni ukoo mmoja tangu asili, ingawa Tembo alikuwa hapendi kukumbushwa mbele za watu.

"Mpwa wangu," akasema Tembo, "nimekuja kuitazama barafu. Kwangu ni joto tupu, hata uji haupoi. Kesho naleta tembo arobaini na kamba. Tutaivuta yote, niiweke uani."

Moyo ulimlipuka Bi Pimbi, pa! "Yote? Na wanangu watakunywa nini?"

"Nyinyi wadogo. Mtalamba umande."

Nyati akacheka, "Hoo! Hoo! Hoo!"

"Mjomba, nisikilize. Barafu hii ndiyo inayoupoza mlima, ndiyo inayotoa maji kidogo kidogo hata mvua ikigoma. Na si hapa tu. Mbayuwayu anayesafiri mbali amenieleza kuwa huko ncha za dunia kuna barafu kubwa kuliko nchi yetu. Ile ikiyeyuka ovyo, bahari inapanda na kumeza visiwa, na samaki waliozoea maji baridi wanakosa pa kwenda. Barafu haichezewi!"

"Huyo Mbayuwayu ana domo kama wewe," akasema Tembo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Bi Pimbi akaona maneno yamefika mwisho. Kupigana? Kwa mkono upi! Akautazama mgongo wa Tembo, umejaa vumbi. Akalitazama jiwe alilokuwa amelikalia. Kisha akatabasamu.

"Sawa, Mjomba. Lakini bondeni jua ni kali. Unajua kuitunza barafu?"

"Mimi? Mimi nimepambana na jua tangu sijaota pembe!"

"Basi tushindane. Vunja mabonge mawili yaliyo sawa, tuyaweke hapa juani. La kwako likidumu kuliko langu, nahama leo hii na wanangu. Langu likidumu, barafu inabaki ilipo."

"Ahadi?"

"Ahadi!"

Tembo akavunja kwa pembe, kwa! kwa! Mabonge mawili, kila moja kama mtungi. Wakayaweka juu ya mwamba.

"Mimi la kwangu litakaa uchi," Bi Pimbi akaugua. "Sina mkonga, maskini wa Mungu. Wewe, Mjomba, jua likikuchoma huwa unafanyaje?"

"Vumbi!" Tembo akapaza sauti. "Najimwagia vumbi, jua halinigusi."

"Lo! Hilo sikuliwaza."

Basi Tembo akavuta vumbi jeusi la mlimani, akapuliza. Fuuu! Fuuu! Bonge lake likawa jeusi kama sufuria ya kuni. Alifurahi, masikio yakapiga makofi.

"Ngoja," akasema Nyati. "Mimi napenda tope, tope zito, shubiri nzima. Tulifunike kabisa!"

Hapo Bi Pimbi alishikwa na hofu ya kweli. Alijua kwamba barafu iliyofukiwa chini ya udongo mzito hukaa miaka. Lakini mdomo, kama kawaida, haukumwangusha.

"Koti zito juani, Bwana Nyati? Si litatoka jasho?"

"Kweli," akasema Tembo. "Acha tope lako. Nguo nyepesi inatosha."

Wakakaa, wakangoja. Jua likapanda. Bonge jeusi likaanza: to... to... to-to-to... chururu! Bonge jeupe lilimeta tu, kama linamcheka jua. Alasiri ilipofika, la Tembo lilikuwa dimbwi la maji machafu. La Bi Pimbi lilipungua, lakini lilikuwepo, na watoto wake wanne walikuwa wanalilamba.

"Haiwezekani!" Tembo akang'aka. "Vumbi linanipoza mimi!"

"Wewe una ngozi, Mjomba. Barafu haina." Bi Pimbi akapigapiga jiwe lake. "Mimi kila asubuhi naota jua. Nakalia jiwe gani? Jeusi! Jeusi hulinywa jua, jeupe hulirudisha lilikotoka."

"Ulijua tangu mwanzo!"

"Nilikuuliza tu unafanyaje, Mjomba."

Nyati akataka kucheka, akamwona Tembo, akaacha.

Ahadi ni ahadi. Tembo akashuka, kichwa chini. Kwa sababu kichwa kilikuwa chini, akaona kitu. Maji ya mlangoni kwa Bi Pimbi yalikuwa yanashuka naye. Yakapita msituni, yakapita mabwawa ya vyura, yeye nyuma yao hatua kwa hatua, mpaka yakaingia uani kwake, kwenye kijito alichonywea maji tangu utotoni.

Mkewe alikuwa amesimama na ndoo. "Baba watoto, hiyo barafu iko wapi?"

Tembo akanyoosha mkonga kwenye kijito.

"Hii hapa," akasema polepole. "Kumbe huja yenyewe."

Hadithi inalala hapo, nanyi mkalale na neno hili: usihamishe kitu kabla hujajua kinamlisha nani, huenda ni wewe.