Mizigo ya Salamu ya Singano

Uvutacho ukipanda, hukusukuma ukishuka. Methali hiyo mmeisikia asubuhi hii kinywani mwa Mzee Singano, mkacheka. Msibishe, nimewasikia. Nilikuwa hapa nachambua maharage, na masikio yangu hayajazeeka kama magoti.

Hoza huyu hapa alimwomba mzee ampelekee rafiki yake mjini kifurushi cha plamu, kwa kuwa mzee alikuwa anapanda basi la saa nne. Kifurushi chenyewe hakifiki kilo mbili. Mzee akakataa, akasema maneno hayo, akaenda zake akichechemea. Basi nyinyi mkaanza: Mzee Sibebi, mchoyo hata wa mikono yake. Sasa mnakuja kuniuliza methali imetoka wapi. Kaeni chini, na mmoja anishikie ungo. Msiitafute kwa mababu, haina umri huo. Ilipozaliwa mimi nilikuwepo, na mama yenu Sauda alikuwepo pia, ila yeye alikuwa na miezi minane, hakumbuki kitu.

Ilianza hivi. Miaka ile nilikuwa mpishi wa kambi. Wageni walikuja kuivuka milima yetu kwa miguu, siku tano, na kila siku kambi ilitangulia kwa barabara ili jioni wakute mahema yamesimama na chakula kiko motoni. Kambi nzima ilikuwa ndani ya tela moja la chuma: mahema, vitanda vya kukunja, jiko la gesi, meza, pipa la maji. Lilikuwa zito hata likiwa tupu. Lilivutwa na pikapu, na dereva wa pikapu alikuwa Singano, mwanamume wa miaka thelathini, mwenye adabu zilizopita kipimo. Mwenye kambi alimkataza kuongeza hata gunia moja juu ya tela. Singano akajibu ndiyo. Lakini Singano alimjibu kila mtu ndiyo, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake.

Maana kwetu mnakujua. Mtu akisikia gari linavuka kwenda upande wa pili wa mlima, anatuma salamu, na salamu ya kwetu haibebwi mdomoni. Ni debe la viazi, ni kabichi, ni kuku wawili kwenye tenga. Dereva akikataa, hakukataa mzigo, amekukataa wewe na ukoo wako, na siku ya msiba wake atakumbushwa mbele ya watu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, wala sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba gari halina ukoo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Mkundi. Tulitakiwa kupanda kutoka hapa mpaka mgongo wa mlima, pale Kwemzizi, halafu tushuke ule mteremko mrefu mpaka Mkundi, tukapige kambi kando ya uwanja wa shule. Mnajua barabara inavyoingia Mkundi: inapita katikati ya gulio. Akina mama wametandika nyanya zao huku na huku, watoto wamekaa kwenye magunia, na gari hupita hapo kwa kubembeleza.

Hatujamaliza hata kijiji chetu, shangazi yake Singano akasimama barabarani na madebe mawili ya viazi, ya kumpelekea binti yake aliyejifungua. Ungemkatalia mzazi? Yakapanda. Mbele kidogo, shemeji yake na magunia ya kabichi. Halafu fundi seremala na mlango mzima wa mninga, aupeleke kwa mpwa wake anayejenga. Halafu mzee mmoja na jiwe la kusagia, nawaambieni kweli, jiwe, kana kwamba Mkundi hakuna mawe. Kila mmoja alisema kake ni kadogo. Na kweli kila kamoja kalikuwa kadogo, ukiondoa ule mlango na lile jiwe. Nilihesabu mpaka kumi na moja, nikachoka.

Nilimwambia, Singano, mwenye kambi alisemaje? Akanijibu kwa upole kwamba hayo ni ya watu, nao watu ndio hao hao watakaomzika. Nikanyamaza. Na mimi nilikuwa na langu la kujibu, kwa kuwa chini ya kiti nilikuwa nimeficha mkungu wa ndizi wa kumpelekea dada yangu. Kwa hiyo msinione msafi.

Pikapu ilipanda ikilia. Gia ya kwanza, halafu ya kwanza tena, tukipitwa na watu wa miguu, nao wanatusalimu. Mwanangu nilikuwa nimemfunga kifuani kwa kanga, amelala. Nilisikia joto la injini kwenye nyayo. Kila kona nilidhani gari litazimika lirudi nyuma, na moyo wangu ulikuwa nyuma huko, kwenye lile tela. Sikujua kwamba nyuma kulikuwa hakuna hatari yoyote. Mzigo ukiwa unauvuta unakuchosha tu.

Pale juu Kwemzizi kuna jiwe kubwa kando ya barabara, tunaliita Jiwe la Pumzi. Tangu magari yalipoanza kupita huko, dereva akifika hapo lazima asimame. Anaacha breki zipoe, anazunguka gari lake, anaweka gia ya kwanza, ndipo anashuka nayo hiyo hiyo mpaka chini. Dereva asiyesimama Jiwe la Pumzi, watu humwona hana akili.

Tulipolikaribia tukaona watu wamesimama pale, saba au wanane, na mbele yao ni mama mkwe wa Singano, Bi Mwanjaa, mwenye debe kichwani. Singano alipumua kwa nguvu. Nilimwona akilitazama lile debe, akageuza uso kwenye kioo cha upande wa pili kama mtu aliyeona kitu cha maana sana huko. Mgongoni mwa mlima barabara ni tambarare. Akaingiza gia ya pili, akaingiza ya tatu, tukapita mbele ya jiwe kwa kasi. Bi Mwanjaa aliinua mkono. Mkwe wake hakumtazama.

Nilishtuka. Kumpita mama mkwe njiani bila salamu, kwetu ni jambo la kuitiwa kikao. Nikamuuliza ana nini leo. Akasema nisimhukumu, hakuwa na kifua cha kumkatalia mtu, na kupokea hakuthubutu, kwa hiyo amechagua kutowaona. Alikuwa karibu kulia. Na wakati akisema hayo, barabara ikainama.

Kwanza nilisikia tela likigonga, ngo, pale linapounganishwa na pikapu. Halafu nikasikia kiti kinanisukuma mgongoni. Singano akakanyaga breki, gari likapunguza mwendo kidogo, likaongeza tena. Akajaribu kurudisha gia ya pili. Ikakwaruza, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa, na kwa muda ule hatukuwa kwenye gia yoyote. Alipoirudisha ya tatu injini ilipiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Kisha ikaja harufu ya breki. Ni harufu ya kitu kinachoungua ambacho hakikutakiwa kuungua, inakaa kooni.

"Mama Sauda," akasema, taratibu kabisa, "tela linanisukuma."

"Kanyaga breki."

"Nimekanyaga mpaka mwisho."

Nilitazama mguu wake. Ulikuwa umegusa sakafu ya gari. Na mimi nikaanza kuona mbele: mteremko, kona, mteremko, na mbali kule chini mabati ya Mkundi na rangi rangi za kanga za watu gulioni. Niliogopa kwa namna ambayo meno yalikuwa yanagongana lakini machozi hayaji. Mwanangu aliamka akaanza kucheka kwa sababu ya kule kutikiswa.

Nikamwambia aliegemeze gari mlimani. Hilo kila mtu wa milimani analijua: breki zikikufa, lisugue gari kwenye ukuta wa mlima mpaka lisimame, bora chuma kuliko watu. Mlima ulikuwa pale pale, upande wa kushoto, karibu ningeweza kuushika kwa mkono. Upande wa kulia ni korongo.

"Siwezi," akasema.

"Unangoja nini?"

"Huo ni upande wako na mtoto. Nikiligonga hapa, mlango wote unaingia ndani." Akaonyesha mbele kwa kidevu. "Mbele kuna ile kona kali. Tukiipita, mlima unahamia kwangu."

Kona kali mnaijua. Watu huipita kwa mwendo wa kinyonga. Nikamwambia kona ile hatutaipita, tutaruka na tela letu. Akasema huenda, ila mtoto nimshike kichwa, nijikunje, nisitazame. Hapo ndipo nilipotamka shahada kwa sauti. Naye alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, anapiga honi mfululizo ili walio chini wasikie. Angeweza kupona kirahisi, wajukuu zangu. Hicho ndicho kitu sijawahi kukisahau. Upande wa kushoto ulikuwa tayari, unamngoja, na mimi nilikuwa mke wa mtu mwingine na mtoto hakuwa wake.

Alingoja. Nadhani haikufika hata dakika moja, lakini ilitosha mimi kuukumbuka ule mkungu wa ndizi chini ya kiti na kumwomba Mungu anisamehe kwa ajili yake.

Kwenye kona alikata kulia, pikapu ikageuka, na tela likatanuka kama mkia likatoka hadi ukingoni. Upande wangu nikaona hewa tupu. Halafu tela likarudi, likatuvuta, likatusukuma, na mlima ukawa upande wake. Akaupeleka usukani huko. Sikuona, nilikuwa nimejikunja juu ya mwanangu. Nilisikia chuma na mawe, muda mrefu, na vioo, na yeye akipiga ukelele mmoja tu. Tela likapinduka nyuma yetu. Kisha kimya, ila viazi vikibingirika kwenye barabara kuelekea Mkundi.

Sauda alikuwa analia. Nilimpapasa mwili mzima, mkono, mkono, mguu, mguu. Hakuwa na hata mchubuko. Mlango wa Singano ulikuwa umemwingilia gotini.

Wa kwanza kufika walitoka juu, waliotuona tukipita kama wendawazimu wakatufuata mbio. Bi Mwanjaa alikuwa mbele yao, mama mtu mzima, bado ana debe lile, nusu limemwagikia nguo. Alilitua chini, akachota kwa kiganja, akamnywesha mkwe wake. Yalikuwa maji. Alikuwa amesikia kwa wale watu wa miguu waliotupita kwamba gari la Singano linapanda limeelemewa, akaenda Jiwe la Pumzi kumngoja na maji ya kupozea breki. Na wale waliokuwa naye alikuwa amewaita wampunguzie mzigo, wabebe kichwani mpaka chini.

"Mwanangu," akamwambia, "mbona ulinipita?"

Singano alilitazama lile debe.

"Nilidhani ni mzigo, mama."

"Ungeniambia hapana."

"Neno hilo sikulijua." Akafumba macho. "Wote niliowavuta nikipanda ndio walionisukuma nikishuka. Wamenisukuma mpaka nikakukimbia wewe."

Bi Mwanjaa alimfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, mama mkwe na mkwe, mbele za watu, jambo ambalo kwa mila zetu halifanyiki, na hakuna aliyemkemea. Wenye viazi na kabichi walifika baadaye. Yule seremala aliuona mlango wake umepasuka vipande viwili, akataka kusema neno, akaona goti la Singano, akaugeuza ule mlango kuwa machela. Juu yake ndipo walipombebea mpaka hospitali.

Watu walioyasikia maneno yake waliyarudia gulioni jioni ile ile, wakayafupisha, yakawa kama mlivyoyasikia. Na tangu siku ile, pale Kwemzizi hakuna anayemngoja dereva na kifurushi. Wanamngoja na maji. Mlidhani ni desturi ya zamani sana, siyo? Ina umri wa mama yenu kasoro miezi minane.

Kwa hiyo, Hoza, zile plamu zako. Mzee hakuogopa kilo mbili. Anaiogopa ile ndiyo ya kwanza, kwa sababu anajua nyuma yake huwa zinakuja ngapi. Na goti mlilokuwa mnalicheka likichechemea kwenda kituoni, lilivunjika ili upande wa pili wa gari mama yenu asiguswe. Angeniegemeza mimi mlimani, asubuhi hii kusingekuwa na wa kucheka.

Haya, basi lake linarudi saa kumi. Nendeni mkampokee, na msimwambie mmekuja kumbebea mfuko, atakataa. Msalimieni tu. Akiwauliza nimewaambia nini, mwambieni bibi amesema mzee alisema kweli: uvutacho ukipanda, hukusukuma ukishuka.