Kwa Nini Tetere Hujenga kwa Vijiti Vichache

Ulikuwako wakati tetere alijua kujenga kuliko ndege wote. Msicheke, wanangu. Mmezoea kumwona siku hizi akiweka vijiti viwili vitatu kwenye tawi, akavikalia, basi, amemaliza. Wakati huo kiota chake kilikuwa kirefu kama kibuyu, kuta zake nyasi zilizosukwa, juu kina paa la majani, na ndani alitandika manyoya aliyoyanyofoa kifuani pake mwenyewe. Mnana, huyu tunayemsifu leo kwa kusuka, alikuwa mwanafunzi wake. Hata bibi zetu wa kwanza walijifunza ususi wa vikapu kwa kumtazama yeye.

Tena wakati huo ndege na watu walisikilizana, ingawa si watu wote. Wanaume walikuwa wakipita mbio mbio kwenda mashambani, wakirudi wamechoka, na lugha ile ikawapotea. Waliobaki nayo ni wanawake waliojifungua. Mzazi alikaa ndani siku nyingi, hana kazi ila kunyonyesha na kusikiliza, na aliyesikiliza kwa muda mrefu hatimaye alielewa.

Katika kijiji kimoja cha milimani alikaa msichana aliyeitwa Mwanamvua, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Mume wake, Singano, hakuwapo. Mahindi yalikuwa yanabeba, nguruwe mwitu walikuwa wengi, na yeye alilala huko huko shambani kwenye dungu kuyalinda. Aliyemhudumia Mwanamvua ni wifi yake, Mkalawa, binti mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Asubuhi aliingia na uji, jioni na maji ya kuoga.

Nyumba yao ilizungushiwa ua wa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani isiyo na majani, ambayo ukiikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa. Katika kona ya ua huo, upande wa mashariki, tetere alikuwa amejenga.

Mwanamvua na tetere walianza kuzoeana kwa ajili ya mtoto. Mtoto alikuwa mlizi. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mama yake, ambaye homa ya uzazi ilikuwa bado haijamwacha, alilia pamoja naye. Mchana mmoja tetere akashuka karibu na mlango, akaanza kuimba wimbo wake ule wa chini chini, usio na haraka. Mtoto akanyamaza, akasinzia. Mwanamvua naye akasinzia, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Alipoamka jua lilikuwa limehama, na tetere alikuwa bado pale, anaimba.

"Hujachoka?" Mwanamvua akamuuliza.

"Nimechoka," tetere akasema. "Lakini na wewe ulikuwa umechoka."

Tangu hapo alikuja kila mchana. Mwanamvua hakuwa na kitu cha kumlipa, basi akafumua kona ya mto wake, akatoa sufi kidogo, akaiweka kizingitini. Tetere akaichukua kwa furaha na kwenda kuitandika, maana alikuwa karibu kutaga na kifua chake kilikuwa kimeshaanza kuwa wazi kwa kunyofolewa. Alipotaga, alimwambia Mwanamvua. Mayai yalipoanguliwa, alimwambia yeye kwanza, kama mtu anavyomwambia shoga yake. Walikuwa makinda wawili, hawana manyoya, macho bado yamefumba.

"Nina ombi moja," tetere akasema siku hiyo. "Nimewaona watu wakipunguza nyua zao masika haya. Kwenu wakija na mundu, nisemee. Wanangu hawawezi kuruka mpaka mvua zipungue."

"Nitakusemea," Mwanamvua akajibu. Alimaanisha. Mtoto alikuwa kifuani pake wakati akisema.

Sasa lazima mjue desturi ya pale. Siku ya kumtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, ua wa nyumba ulipaswa kuwa umepunguzwa, umenyooka, ili wageni waone kwamba mtoto amezaliwa penye watu. Kazi hiyo ilikuwa ya babu mzaa baba, na babu mwenye upendo hakumwachia mtu mwingine. Desturi ya pili ni hii: mkaza mwana hakuzungumza na baba mkwe wake, wala hawakutazamana, tangu siku aliyoolewa mpaka siku ya kumtoa mtoto wake wa kwanza. Siku hiyo mzee alimletea jembe jipya, akaliweka miguuni pake, na hapo ndipo kinywa chake kilipofunguliwa. Kabla ya jembe, kumsemesha mkwe lilikuwa jambo la aibu kubwa. Msichana aliyefanya hivyo alirudishwa kwao, na mama yake akaulizwa alimlea vipi.

Baba mkwe wa Mwanamvua, Mzee Shembilu, alikuwa mtu mpole. Ndiye aliyeagiza kuni zipasuliwe ndogo ndogo ili mkaza mwana wake asiumie mikono. Ndiye aliyemtuma Mkalawa na asali. Hayo yote aliyafanya bila kumtazama na bila kumsemesha, kama ilivyotakiwa.

Siku ya kumtoa mtoto ilipokaribia, Mwanamvua alimsubiri wifi yake alete uji.

"Wifi, naomba umwambie baba asiukate ua upande wa mashariki. Tetere ana makinda pale. Nimempa ahadi."

Mkalawa akacheka. "Umempa nani ahadi? Tetere? Wifi, ungeniambia umempa ahadi chura, ningejua homa imekurudia."

"Sitanii, wifi yangu."

"Haya, haya. Kunywa uji, unapoa. Wageni wakute ua una kona imevimba kama jipu, halafu waseme nini?"

"Waseme wanachotaka. Utamwambia?"

"Nitamwambia," Mkalawa akasema.

Hakumwambia. Alifika mpaka mlangoni kwa baba yake, akamkuta ameketi ananoa mundu, anajiimbia kwa furaha ya mjukuu. Akafikiri: nikisema hivi, baba ataona mkaza mwana wake anamtuma kazi, tena hata jembe hajampa. Watu watasema msichana ana kiburi. Akaona ni heri anyamaze, amsitiri wifi yake. Akampelekea baba yake maji ya kunolea, akaondoka. Alinyamaza kwa kumpenda.

Mwanamvua alilala akijua neno limefika.

Asubuhi, siku moja tu kabla ya mtoto kutolewa, alisikia mundu ukilia kwenye ua. Aliinuka, akamfunga mtoto kifuani, akaenda mlangoni. Mzee Shembilu alikuwa ameanzia upande wa magharibi, mgongo wake ukitazama nyumba, na vijiti vya minyaa vilikuwa vikianguka miguuni pake vikitoa maziwa. Mwanamvua akajituliza. Akajiambia kwamba mzee akifika kona ataiacha, ameshaambiwa.

Lakini tetere hakutulia. Aliruka kutoka kwenye kiota, akamzunguka mzee kichwani, akilia kwa sauti ambayo Mwanamvua hakuwa ameisikia kwake. Mzee akasimama, akamtazama ndege, uso ukamchangamka.

"Tazama," akajisemea, "hata tetere wamekuja kumpokea mjukuu wangu."

Hapo Mwanamvua alijua kwamba neno halikufika.

Alifungua kinywa. Sauti ilikuwapo, ilikuwa imeshapanda mpaka kooni. Akamwona mama yake akiulizwa mbele ya watu. Akajiona anarudishwa kwao, mtoto mgongoni. Sauti ikakaa pale pale. Badala yake alipiga makofi, kama mwanamke anavyopiga akitaka ajulikane yupo. Mzee akasikia makofi, akashtuka kwamba amesimama mahali ambapo mkaza mwana wake anamwona. Akafunika uso kwa kiganja, kwa heshima, akaanza kuondoka mbele ya mlango. Aliondoka kwenda mashariki.

Mwanamvua akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Mzee akazidi kusogea. Mwanamvua akaushika mtungi uliokuwa kando ya mlango, akauangusha ukapasuka. Mzee aliusikia ukipasuka, akawaza kwamba msichana wa watu anaona aibu mpaka vitu vinamtoka mikononi, na kosa ni lake aliyemkaribia mno. Akaingia kabisa kwenye kona, nyuma ya minyaa mirefu, ambako hangeonekana. Na kwa kuwa alikuwa na mundu mkononi na kazi ilikuwa bado, akakata bila kuinua uso.

Kiota kilianguka pamoja na tawi lake. Kilikuwa kimesukwa vizuri hata hakikuvunjika. Kilipinduka tu, makinda wakamwagika, na utomvu wa tawi lililokatwa ukawadondokea kwenye macho yao yaliyofumba.

"Baba," Mwanamvua akasema. "Baba, hapo pana watoto."

Alikuwa ameshatoka nje. Hakujua ametoka lini.

Mzee Shembilu akageuka. Kwa mara ya kwanza akamtazama mkaza mwana wake usoni, na mundu ukamtoka mkononi. Akatazama chini, akaona. Alipiga magoti taratibu, kama wazee wanavyopiga, akawaokota makinda kwa kiganja, akaanza kuwafuta macho kwa ncha ya shuka yake. Kadiri alivyofuta ndivyo utomvu ulivyozidi kuenea.

"Mwanangu," akasema, "kwa nini hukusema?"

"Sikuwa nimeruhusiwa, baba."

Mzee akaendelea kuwafuta. Mkalawa alikuwa amefika na uji, akaliweka bakuli chini, akapiga magoti kando ya baba yake.

Walijaribu. Msidhani hawakujaribu. Mzee alikifunga kiota kwa kamba kwenye mti mwingine, akawarudisha makinda ndani, akasimama mbali ili mama yao arudi. Mkalawa alileta maji safi, akaomba msamaha kwa ndege na kwa wifi yake na kwa baba yake, akirudia rudia. Mwanamvua aliupasua mto wake wote, akalijaza shimo la kiota kwa sufi. Tetere alikuwa ametua juu ya ukuta wa minyaa iliyokatwa, anatazama. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Jioni makinda walikuwa wamepoa, hawapumui tena.

Hapo tetere alisema neno lake la mwisho kwa binadamu, na alimwambia Mwanamvua, bila hasira.

"Ulisema utanisemea."

Mwanamvua alitaka kumweleza. Habari za jembe, za mama yake, za makofi na mtungi. Alizipanga moyoni moja moja, na zote zilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyofaa kusemwa kwa mama wa makinda wale. Kwa mara ya pili siku hiyo, alinyamaza.

Kesho yake mtoto alitolewa nje. Wageni walikuja na vyakula vyao, wakausifia ua, jinsi ulivyonyooka. Mzee Shembilu alileta jembe, akaliweka miguuni pa Mwanamvua, akasema mbele ya watu wote kwamba amechelewa kulileta. Wageni wakadhani anatania, wakacheka. Yeye hakucheka. Alimshika mjukuu wake na hakuweza kumtazama machoni.

Mtoto alilia mchana kutwa. Hakuwapo wa kumwimbia.

Masika yaliyofuata tetere alirudi kwenye ua ule ule, maana ndege hana pengine pa kwenda. Mwanamvua alimwona akileta kijiti kimoja, kisha kingine, kisha kingine. Alikimbia ndani akatoka na sufi, akaiweka juu ya minyaa karibu naye. Tetere aliitazama ile sufi kwa muda. Kisha akaweka kijiti chake cha mwisho juu ya vile vingine, ovyo, hata mwanga ukapita katikati, akataga juu yake. Sufi ilikaa pale mpaka mvua ikaichukua. Mwanamvua alimsemesha kwa jina, akamsemesha kwa maneno ya utotoni, akamsemesha akilia. Tetere aliimba tu wimbo wake wa chini chini, na ndani ya wimbo ule hapakuwa na neno hata moja alilolielewa.

Na tangu masika hayo, pale milimani na katika vijiji vilivyoiga desturi yao, mundu hauingii kwenye ua mpaka makinda waruke, hata kama kuna mtoto wa kutolewa, hata kama kuna harusi. Mzee Shembilu ndiye aliyeliweka hilo kabla hajafa. Akaongeza la pili: mkaza mwana aliyefika jana, asiyejua hata njia ya kisimani, akiona kiota anaweza kumwita baba mkwe wake kwa sauti, na hakuna atakayeuliza mama yake alimlea vipi. Kwa hiyo mkimsikia msichana akipaza sauti kwa mkwe wake asubuhi, msimtazame vibaya. Anasemea watoto.

Lakini tetere hajengi tena kama zamani. Piteni chini ya kiota chake masika haya, inueni macho. Mtayaona mayai kwa chini, mawili, meupe, na kati ya vijiti mtaiona mbingu. Anakaa pale juu, mvua inampiga, kama mtu aliyekwisha kujua kwamba nyumba nzuri haizuii kitu. Nyua zetu haziguswi siku hizi, na wasichana wetu wanasema. Yeye hana habari. Lugha ya kumwambia ilikuwa moja tu, nasi hatunayo tena.